Somo Alilochagua Ritha

Aliyeshiba haombi sahani ya pili bila sababu. Ndivyo nilivyowaza mjukuu wangu Ritha aliponiambia anataka kurudi chuoni kusoma sheria tena. Sheria ileile aliyoisoma, akavaa joho, tukachinja kuku, majirani wakala wali mpaka wakashindwa kuinuka. Sasa anasema ile ilikuwa shahada ya kwanza tu. Ipo ya pili, inaitwa uzamili.

"Na ya tatu ipo?" nikamwuliza.

"Ipo, bibi."

"Basi walimu wenu ni kama wauza vitenge. Ukinunua doti moja wanakunjua nyingine."

Alicheka. Tulikuwa uani kwangu, hapa Ifakara, mimi napepeta mchele, yeye ananisomea masharti kwenye simu. Lazima mtu awe na shahada ya kwanza ya sheria, tena awe amefaulu vizuri. Lazima walimu wawili waandike kwamba wanamjua. Lazima apeleke andiko, yaani maelezo ya jambo atakalolichunguza, na chuo kiridhike nalo kabla ya kumpokea. Mwaka wa kwanza anasoma darasani, wa pili anaandika kitabu kinaitwa tasnifu, halafu watu wazima wanakaa mbele yake wanamhoji.

"Kumbe ni posa hiyo," nikasema. "Mpaka washenga wanataka."

"Sikiliza na masomo yenyewe, mke mwenzangu." Tunaitana hivyo tangu babu yake alipokuwa hai, akimtania kwamba yeye ndiye mke mdogo. "Mengine ni ya lazima, mengine unachagua. Kuna sheria ya kodi, biashara ya kimataifa, haki za binadamu, mazingira, sheria ya bahari..."

"Bahari ina kesi na nani?"

"...na sheria ya ardhi. Mimi nimechagua ardhi."

Ungo wangu ukasimama.

Mimi nina shamba moja tu la mpunga, ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Nililifyeka na marehemu mume wangu, tukalala kwenye dungu misimu kwa misimu tukifukuza ndege na nguruwe. Mwanangu wa kwanza, Kasmiri, baba yake Ritha, alifariki. Amebaki Sylvester, yuko Kidatu kwenye miwa, na Sylvester anataka shamba hilo liuzwe. Kiwanja cha baba yake cha Kisawasawa alikwisha kukiuza akanunua pikipiki, na sasa kuku wanatagia kwenye kiti chake. Na wiki hiyohiyo Ritha alipokuja na habari zake za uzamili, Sylvester, ambaye simu yake naisikia Krismasi kwa Krismasi, alinipigia katikati ya mwaka. "Shikamoo mama. Hivi shamba la Lupiro linaishia wapi?"

Nikamjibu linaishia pale jembe linapochoka.

Sasa niambieni. Kodi ipo, bahari ipo, haki za binadamu zipo. Kwa nini achague ardhi?

Asubuhi moja nilitoka kuchota maji nikamsikia Ritha nyuma ya bafu anaongea na simu, sauti ya chini. "Bado hajanionyesha mipaka. Nikionyeshwa tu, nakuletea." Alipotokea nikamwuliza alikuwa na nani.

"Na mwalimu atakayenisimamia, bibi. Andiko langu linahusu mashamba ya huku kwetu. Naomba unipeleke Lupiro unionyeshe letu."

Letu! Nikasema haya, tutakwenda. Mimi si mtu wa kukurupuka. Anayetaka kujua samaki amelala wapi hatibui maji.

Huku bondeni mafuriko hayaachi alama. Jiwe linazama, mti unang'oka, tuta linalainika. Mpaka unakaa kichwani mwa watu. Mzee humchukua yule atakayerithi, akasimama naye mahali penyewe, akamtajia. Huko ndiko kuonyesha. Jirani wa upande ule akishajua kwamba fulani kaonyeshwa, basi, shamba limepata mrithi. Nilijua hayo tangu ubinti wangu. Lakini nikajiambia, tukienda wawili tu, jirani hayupo, hayo yatakuwa matembezi, si kuonyesha. Nikapanga mtego. Nitamtajia Ritha mpaka wa uongo, kisha ninyamaze, nione uongo wangu utatokea mdomoni kwa nani. Ukitokea kwa Sylvester, nimewakamata wote wawili.

Tulipanda bodaboda, tukavuka daraja, tukateremka Lupiro. Mpunga ulikwisha kuvunwa, yamebaki mabua. Upande wa jirani yetu Teofili, ambako ni mwinuko maji hayafiki, kuna vichuguu viwili. Mpaka wetu ni kile cha pili, cha mbali. Nikasimama kwenye cha kwanza, nikagonga na jembe. "Linaishia hapa." Nilipunguza kwa makusudi. Nikiongeza, ugomvi. Nikipunguza, mwizi ataiba pungufu.

Ritha akatazama kichuguu kile, akatazama kile cha mbali. "Hapa, bibi? Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyelima au wewe?"

"Na pande nyingine?"

"Jua limekuwa kali. Turudi."

Nikangoja. Nilipika, nikaenda jumuiya, nikarudi. Siku moja Ritha akatoka kutwa nzima, hakusema anakwenda wapi, akarudi na vumbi miguuni. Sikumwuliza.

Halafu Theresia, anayelima jirani na sisi kule, alipita kwangu akienda gulioni. "Mama Kasmiri, pole. Kumbe umemgawia Teofili majaruba yako ya mpunga?"

"Nani kagawa?"

"Anainua tuta jipya kwenye kichuguu cha kwanza. Anasema umemwonyesha Ritha mwenyewe."

Nilikwenda siku ileile. Nikamkuta Teofili kweli, shati mabegani, tuta limeshafika magotini.

"Habari za kazi, Teofili. Unafanya nini kwenye shamba langu?"

"Shikamoo, mama Kasmiri! Langu hilo. Mjukuu wako kaja hapa, kaniuliza mpaka. Kasema, bibi kanisimamisha kichuguu cha kwanza. Sasa mimi nani nikatae neno lako? Umezeeka na huruma."

Matembezi yangu yalikwisha kuwa kuonyesha. Mimi nilimtajia Ritha, yeye akampelekea jirani habari kwa mdomo wake mwenyewe. Kilichopungua amekikamilisha.

Nilipomshika nyumbani hakukataa. "Nilikwenda, bibi. Katika masomo ya lazima ya shahada ya kwanza lilikuwepo la mbinu za utafiti. Walitufundisha, neno la upande mmoja si ushahidi, lazima uulize na wa pili."

"Na baba yako mdogo? Yeye ni upande wa ngapi?"

"Baba Sylvester? Sijaongea naye tangu mahafali."

Sikumwamini. Nikapeleka shauri kwa mzee Agapiti, mwenyekiti wa kitongoji, akatupangia kukutana shambani. Tulipofika, na Sylvester huyo, katoka Kidatu alfajiri, uso umemvimba. Hata salamu ya Ritha hakuitikia.

"Mama, mimi nipo hai, shamba anaonyeshwa mtoto?"

"Nani kakwambia?"

"Teofili kanipigia! Nilikuwa nampigia yeye mwezi mzima aniambie ukubwa wake, leo ananiambia limeshapata mwenyewe!"

Nikamtazama Ritha. Kumbe hawakuwa pamoja hawa. Wasiwasi wangu ukanyanyua mguu mmoja, lakini haukuondoka.

Agapiti akaegesha baiskeli. "Mama Kasmiri, ulisimama hapa na huyu binti?"

"Nilisimama."

"Ukasema mpaka ni hiki?"

"Nilisema. Nilidanganya."

Teofili akapiga makofi. "Jamani! Mtu anajiibia mwenyewe?"

"Nilikuwa natega panya."

"Basi umenasa kidole chako, mama. Neno la mkubwa mpakani halirudi."

"Ngoja, baba," Ritha akasema, taratibu, kama anayesoma. "Nilipokuuliza mara ya kwanza, kabla sijakutajia alichosema bibi, ulinionyesha kichuguu gani?"

Teofili akajikuna shingo.

"Mtoto kakuuliza," Agapiti akasema.

"Si... kile cha pili. Lakini bibi yake ndiye..."

"Toa tuta lako." Agapiti hakupandisha hata sauti. "Kwa hiyo kuonyesha kulikosewa, kutarudiwa, leo, mbele yetu. Pande zote."

"Aonyeshwe nani?" Sylvester akauliza.

"Aliyeanza ndiye anamalizia. Isipokuwa mama aseme amebadili mtu."

Wote wakanigeukia. Nikamshika Ritha mkono, nikamvuta pembeni kwenye mabua.

"Nitazame. Ulijua kwamba ukionyeshwa unarithi?"

"Bibi..."

"Ulijua?"

Hakuinamisha macho. "Ndilo andiko langu. Jinsi kuonyesha kunavyorithisha, na kwa nini huwa wanaonyeshwa wanaume."

"Kwa hiyo ulipokwenda kwa Teofili ulijua unachofanya."

"Nilikwenda kwa sababu uliposema hapa, jembe lilikutetemeka. Nilitaka ukweli."

"Na shamba hukulitaka?"

Akang'oa bua moja, akalivunja. "Nalitaka pia, bibi. Lakini si la kuuza."

Hilo angalau lilikuwa jibu la mtu. Angesema halitaki ningempa Sylvester palepale, kwa hasira. Lakini mtoto aliyejua na akanyamaza, akaniacha mimi nijifunge kamba mwenyewe, huyo nimpe lote leo? Sylvester naye nimpe, lilale chini ya kuku?

Nikashika jembe nikatangulia. Nikasimama kwenye kichuguu cha pili, nikamwita Ritha kwa jina lake lote, nikamtajia mbele ya Teofili. Nikaenda upande wa barabara, nikamtajia. Nikaenda upande wa Theresia, nikamtajia, Theresia mwenyewe akaitikia kutoka shambani kwake. Ukabaki upande wa mto, ule ambao maji yanahama, ambao hata Teofili haujui, niliujua mimi na marehemu tu.

Nikakaa chini.

"Upande wa mto bado, mama," Agapiti akasema.

"Nimechoka."

"Jua bado liko juu."

"Jua liko juu, miguu iko chini. Huo siku nyingine."

Sylvester akafyonza. Shamba lenye pande tatu hakuna anayenunua, na yeye anajua. Agapiti akanitazama kidogo, akatabasamu upande mmoja, akachukua baiskeli yake.

Ritha akachuchumaa karibu yangu. "Bibi, andiko linahitaji pande zote. Mwalimu ataniuliza."

"Mwambie chuo kina masharti yake na bibi yako ana yake. Soma huo uzamili wako. Ukimaliza, nikiona shamba bado linalimwa, njoo nikuonyeshe."

"Na ukifa kabla?"

"Basi omba nisife."

Akacheka, safari hii na mimi nikacheka. Lakini aliposimama kujipangusa vumbi, niliona macho yake yakienda mtoni polepole, yakifuata mstari wa matete kama anayepima. Nikainuka, nikamkabidhi jembe.

"Tangulia," nikamwambia. "Nyuma yangu sitaki mtu."