Sikio la Kukodi

"Jamani dada, kwenu kuna msiba?" jirani aliuliza siku moja, amesimama mlangoni na khanga begani, machozi yakiwa tayari.

Hakukuwa na msiba. Honi alikuwa anaomba apewe chumvi.

Maisha yake yote ya utu uzima Honi alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, akikinga unga na kufunga magunia. Mahali pale, ukitaka kumwambia mwenzako hata "mguu wako umekanyaga wangu", sharti upige kelele mpaka mishipa ya shingo isimame. Jina la Honi alipewa na wenzake, na wakati ule lilikuwa sifa. Kisha tajiri akauza mashine na kufunga milango. Unga ulimtoka Honi kwenye nywele baada ya kuoga mara kadhaa. Ile sauti ya mashineni haikumtoka.

Sasa alikuwa anakaa kwa mdogo wake, kwenye chumba na sebule, na shemeji yake alikuwa mlinzi wa usiku, mtu ambaye usingizi wake ni wa mchana. Honi akiomba dua kimoyomoyo, nyumba ya tatu waliitikia amina. Alipomuuliza mdogo wake kama ile dawa ya minyoo imemsaidia shemeji, mtaa mzima ulikuja kumpa shemeji pole.

Kazi alitafuta, Mungu ni shahidi. Alipata ya kulea mtoto. Alimwimbia wimbo mmoja wa kubembeleza, na mtoto hakufumba jicho mpaka kesho yake. Akapata ya kufagia ofisi ya mwanasheria. Aliingia akasalimia, na mteja aliyekuwa ameketi pale akainua mikono juu na kukiri kosa.

"Dada, mimi nakupenda," mdogo wake alimwambia jioni moja. "Lakini mume wangu halali. Juzi amesinzia lindoni, wezi wakaiba mpaka kiti."

"KITI GANI?"

"Alichokalia! Na shusha sauti. Amesema usipopata kazi mwezi huu, utakwenda kwa mjomba. Na mjomba ameshatuma ujumbe kwamba nyumba yake imejaa."

"Imejaa?" Honi alinong'ona. Chumbani shemeji akaanguka kutoka kitandani, puu.

Kulikuwa na mzee mmoja mtaani, seremala, ambaye kelele za msumeno wa umeme zilikuwa zimemla masikio taratibu mpaka yakaisha. Mwanawe mkubwa, bwana mmoja wa suruali iliyonyooka kama rula, alikuwa anatafuta mtu wa kumpikia baba yake. Mdogo mtu akampeleka dada yake huku akiomba Mungu njia nzima.

"SHIKAMOO MZEE!" Honi alisema.

"Marahaba," mzee alijibu akiwa bado anapiga randa. Kisha akaacha kazi, akashtuka. "Nimesikia! Mwanangu, hebu sema tena!"

Tangu siku hiyo kupika kukawa jambo la pembeni. Kazi ya Honi ilikuwa kusikia na kusema. Alimsomea mzee gazeti, akamwambia bomba lake linavuja, akampa habari za mvua ilipoanza kupiga bati. Jirani ambaye mzee alikuwa amemnunia akidhani ana kiburi, hasalimii, kumbe maskini ya Mungu alikuwa anamsalimia kila asubuhi. Walipatanishwa wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Honi, kwa mara ya kwanza tangu mashine ifungwe, alikuwa anarudi nyumbani koo limechoka, anakula kimya, analala. Shemeji alinenepa.

Basi siku moja yule mwana mkubwa akaja na mfanyabiashara wa kuku. Kabla ya kuingia kwenye karakana alimvuta Honi pembeni.

"Mama, leo wewe pika tu. Mshahara wako nautoa mimi. Tumeelewana?"

"TUMEELEWANA," Honi alijibu, na mtaa wote ukajua kwamba wameelewana.

Mzee alikuwa katikati ya vigoda vyake, vingine vya miguu mitatu kwa makusudi, vingine kwa bahati mbaya. Mwanawe akainama, akasema polepole, "Baba, hapa tunampa huyu bwana afugie kuku. Vigoda tutafanya kuni."

"Haya," mzee alisema. Siku zote, akiona midomo ya mtoto wake imetulia, alisema haya.

"Mbona kama hajaelewa?" mwenye kuku akauliza.

"Usijali, hasikii kitu. Hata baiskeli yake niliiuza akasema haya. Mpaka leo anaitafuta."

Kwenye jiko la mkaa pale pembeni, mwiko ulimsimama Honi mkononi. Aliuona mshahara unaondoka, akamwona mjomba amekaza mlango kwa ndani. Ee Mungu, nifunge mdomo, aliomba.

Mzee akamgeukia Honi. "Mwanangu, wanasemaje?"

*Wanakusalimia.* Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini Honi hakuwa na sauti ya kudanganyia. Uongo mtu huusema chini chini. Yeye angeupiga kama king'ora, mbele ya Mungu na majirani wote, na kesho awatazameje? Akavuta pumzi.

"WANASEMA KARAKANA ITAKUWA BANDA LA KUKU! VIGODA VITAKUWA KUNI! NA BAISKELI USIITAFUTE TENA, ALIIUZA YEYE!"

Mwenye kuku akarukia mlangoni. "Ile nyekundu?" sauti ikauliza kutoka ng'ambo ya barabara.

"NDIYO, NYEKUNDU!"

Mzee aliweka randa chini, akajipangusa vumbi la mbao mikononi bila haraka.

"Kuanzia leo," alimwambia mwanawe, "huyu nitamlipa mimi, kwa vigoda vyangu. Na karakana ni yangu. Sasa, kama una la kusema, sema. Sikio langu litaniletea."

Yule bwana akafungua mdomo. Akamtazama Honi. Honi alikuwa ameshajaza kifua, tayari kulipokea neno lolote na kulifikisha salama. Nje, watu walikuwa wamejaa kwenye ua.

Akafumba mdomo, akachukua kofia yake, akatoka.