Wiebren Anasa Sauti ya Mkewe

Wiebren Hoekstra, mkaguzi mstaafu wa maziwa ya ng'ombe kule Friesland, alinunua kipokezi cha redio kidogo kama kidole, akakichomeka kwenye kompyuta. Waya wa antena ukapita dirishani hadi juu ya mpea. Kazi iliyobaki ilikuwa ya programu: mawimbi yalishuka kwenye skrini kwa rangi, naye akibofya rangi yoyote husikia marubani au mabaharia.

Jumanne moja alibofya mstari mwembamba wa kijani, akamsikia mkewe, Tjitske.

"Basi mwanangu, babu Wiebren anadhani nayapenda yale maua ya plastiki!"

Wiebren akaduwaa. Kumbe kila Jumanne Tjitske alipokwenda kwa jirani kumlea mtoto, kidude cha kumsikilizia mtoto kilirusha kila neno hewani. Ilimpasa azime. Hakuzima.

Kesho yake akaja na maua halisi. Jumanne iliyofuata Tjitske akamnong'oneza mtoto kwamba viazi vya kupondwa vimemkinaisha. Jumatano Wiebren akakaanga samaki. Tjitske akamkazia macho. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mwanamume huyu hajawahi kukisia hata saizi ya viatu vya mkewe! Na haya aliyoyakisia sasa, Tjitske hakuwa amemwambia mtu isipokuwa mtoto.

Jumanne ya tatu redio ikasema: "Mwanangu, lau si yale masharubu ya babu Wiebren, ningembusu kila asubuhi."

Tjitske aliporudi, mumewe alikuwa mezani, masharubu ameyanyoa, mdomo wa juu mweupe kama jibini bichi. Tjitske akacheka mpaka akashikilia mlango.

"Nilijua! Nilijua kuna sikio mahali! Masharubu yako nayapenda, mzee wewe!"

"Ina maana umenidanganya?"

"Na wewe ulikuwa unadukiza. Nani aone haya hapa?"

"Mimi," Wiebren akakiri, akijipapasa mdomo.

Akaenda mwenyewe kwa jirani, Baukje, akaeleza yote na kuahidi kununua kidude kipya kisichosikika nje.

Baukje akawa mwekundu. "Na Jumapili mimi na mume wangu tulipogombana?"

"Jumapili nasikiliza marubani tu. Haki ya Mungu!"

Tangu hapo Wiebren huuliza.

"Tjitske, leo unataka nini?"

"Uoshe vyombo."

Akakunja mikono ya shati, akaosha.