Somo wa Flaviana

Kichen pati ya Flaviana ilitangazwa kuanza saa nane mchana katika ukumbi mmoja wa Stafford, kitongoji cha Houston, kwa hiyo saa kumi walikuwemo watu wawili tu: dada wa maputo, na Bi Roma, aliyefariki yapata miaka elfu mbili iliyopita. Bi Roma alikuwa ameketi mstari wa mbele, kavaa vazi lake refu la sufu katika joto lote lile la Agosti, pochi mapajani. Alikuwa na tabia ya kuwahi. Watu walimsamehe kwa kuwa ni mgeni.

Alipanga chumba kwa Anastasie, Mkongo mwenye duka la vitenge kule Alief, na hapo ndipo alipojifunzia Kiswahili. Enzi za uhai wake alikuwa binti wa mtawala wa Roma, na aliolewa mara tatu. Kamati iliposikia hivyo ilimteua papo hapo awe somo, yaani mwanamke wa kumfunda bibi harusi. Wengine waliofikiriwa walikuwa wameolewa mara moja moja tu, na mmoja wao mumewe alishahamia Ohio.

Flaviana ni muuguzi wa watoto njiti. Kwa miaka kadhaa alikuwa na Bisimwa, fundi wa AC anayekaa Sharpstown, mtu ambaye akicheka nawe unacheka hata kama hukusikia alichosema. Alimpenda, na hilo halikuwa siri. Lakini baba yake, Mzee Severin, ni mwenyekiti wa Umoja wa Nyumbani, chama cha watu wa kwao waishio Marekani, tawi la Houston. Mwaka ule Houston na Dallas walikuwa wanaungana, na muungano ulihitaji rais mmoja wa Texas nzima. Bisimwa, Mkongo wa Bukavu, hakuwa mwanachama, na ndugu zake hawakuwa na kura. Rogers wa Dallas alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa kule. Severin akamwalika Bisimwa chai, akamshukuru kwa muda wake kama mtu aliyefeli usaili, na wiki hiyohiyo akapokea wajumbe wa Dallas waliokuja kuposa.

"Ni kwa faida ya jumuiya," alimwambia bintiye.

"Baba, I don't even know him."

"Utamjulia humo humo ndani ya ndoa. Mama yako alinijuaje?"

Saa kumi na moja ukumbi ulijaa masufuria, blenda na wanawake waliovaa sare ya kijani. Bi Roma akapewa kipaza sauti. Kwanza akamwaga tone la soda kwenye zulia kwa ajili ya marehemu, ndivyo desturi ya kwao, ingawa marehemu mwenyewe alikuwa yeye. Mama wa bibi harusi, Dorothea, akafuta kwa leso.

"Bwana wa kwanza, papa njo alinichagulia," Bi Roma akasema. "Mtoto wa shangazi. Alikuwa atarithi kiti, akakufa. Wa pili alikuwa mkubwa wa jeshi, umri mmoja na papa. Nikamzalia watoto watano, naye akakufa. Wa tatu alikuwa na bibi yake, wanapendana, bibi ana mimba. Papa akamwambia amwache, anioe mimi. Akamwacha. Siku moja akamwona huyo bibi njiani, akamfuata nyuma akilia. Wakubwa wakapanga asimwone tena. Miye njo nilikuwa nalala pembeni yake."

"Halafu?" akauliza mtu.

"Halafu papa akanikasirikia, akanitupa kisiwani. Bila divai."

Mke wa katibu akasimama. "Mmesikia, wanawake? Ndoa tatu, na hata moja hakukimbia! Huo ndio uvumilivu!" Vigelegele vikapigwa. Bi Roma akavishwa kitenge.

Flaviana alipokwenda kumshukuru, alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama sahani iliyotoka kwenye friji.

"Na ungekataa?"

"Hakuna mtu aliniuliza. Wewe nani alikuuliza?"

Flaviana akafikiri. Alikuwa ameulizwa rangi ya sare, ladha ya keki, na kama wali uwe wa nazi. Akaanza kulia, na watu wakafurahi, maana bibi harusi asiyelia kwenye kichen pati husengenywa.

Kabla ya harusi Dallas walifanya uchaguzi wa tawi, na mjomba wa Rogers akashindwa. Severin akapiga simu mbili tatu. Sare zilishashonwa, na hakuna aliyetaka kurudisha blenda, kwa hiyo wakabadilisha bwana harusi tu. Akaja Wilfred, mdogo wa mwenyekiti mpya, kijana mpole. Suti ya Rogers ilimkaa vizuri isipokuwa mabegani. Rogers mwenyewe alihudhuria, akasaidia kuelekeza magari.

Katikati ya sherehe AC ya ukumbi ikazima, na fundi aliyeitwa akawa Bisimwa. Alipanda ngazi, akaitengeneza, akashuka, akatoka na begi lake la vifaa bila kutazama meza kuu. Flaviana akainuka na shela lake, akamfuata hadi kwenye maegesho akilia kwa sauti. Wasimamizi wakamrudisha ili akate keki. Jumatatu kamati ikaafikiana kwamba kuanzia sasa atafutwe fundi mwingine. Severin akawa rais.

Mwaka uliofuata San Antonio nao wakaomba kuungana, na Severin alikuwa na binti mwingine, Whitney. Safari hii kamati iliteua masomo wawili. Flaviana aliendesha gari kutoka Dallas, akafika saa nane kamili. Bi Roma akaondoa pochi yake kwenye kiti cha pembeni, wakakaa pamoja kusubiri watu.

Ukumbi ulipojaa, Flaviana akasimama, akashika kipaza sauti, akamtazama mdogo wake.

"Bwana harusi wa kwanza," akasema, "baba ndiye alinichagulia."

Vigelegele vikapigwa kabla hajafika kwa wa pili.