Bitenge ya Kansela Webby

Nikuulize kwanza, na usikimbilie kujibu. Kuko mwanaume moja, kila miaka tano anakuya kukaa ku matako ya bamama ba batu. Anacheka, meno yote inje. Mama anamukalia, anamufula, anamuanika ku jua, na bwana ya nyumba anaangalia tu, hakasirike. Ni nani?

Umeshindwa? Ni mutu wa kampanye, ule mwenye sura yake iko mu kitenge.

Hapa kwetu Kashikishi, pembeni ya Nchelenge, uchaguzi inapita, kitenge inabakia. Miye sina kadi ya kura. Nilivuka kutoka Pweto wakati ya vita, na mukongomani havote hapa. Lakini kitenge haiulize mutu karatasi. Banakutupia, unadaka, unaimba. Njo vile miye Kapinga niko na bitenge sita ya mutu moja, Kansela Webby, diwani wa hapa kwetu. Ukitaka kujua namna kazi yake ilienda, usisumbuke kwenda ku biro ya kansilo. Fungua sanduku yangu.

Ya kwanza ni ya mwaka wa 2001. Nzito, bulu na kijani, na Webby mule ndani ni kijana, shingo yake bado ndefu. Mwaka ule kura ilikuwa mu mwezi wa kumi na mbili, mvula mingi, na alikuwa anashindana na bazee bawili benye kujulikana. Huku ku ngambo yetu batu balishasema: huyu ataanguka. Ilibakia kisiwa, kule Kilwa, katikati ya ziwa yetu, kwenye balikuwa habayamuona hata siku moja.

Sasa siku mbili mbele ya kura akapakia bitenge na bamama baimbaji mu bwato ya Nkonde. Nkonde alikuwa bwana ya Delphine, rafiki yangu. Tulivuka pamoja kutoka Pweto, miye na sufuria yangu ku kichwa, yeye hata kichwa hajasuka, na miguu yake ilikuwa haiyakauka bado wakati Nkonde, Mubemba wa hapa, alimuoa. Siku ile ya bwato alibakia ku nyumba, na mutoto ku mugongo, Saviour.

Webby yeye hakupanda. Alisema iko na mukutano ingine. Bwato ikatoka, mvula ikaifuata, na hakuna mwenye alirudia. Kesho yake, mu matete, tulikuwa tunaokota bitenge. Fasi yote sura ya Webby, inaelea, inacheka.

Kintu gani inavuka ziwa pasipo kasia, na inafika mbele ya maiti? Neno. Maiti habayapatikana bado, ngambo zote mbili balishajua: Nkonde alikuwa amelewa. Webby mwenyewe njo alisema, ku kisiwa, kwenye alienda ku matanga. Alipiga magoti mu matope, akalia kamasi ikamushuka, akasema, "Nilimukataza. Pombe ilimushinda."

Miye nilimujua Nkonde. Pombe ilikuwa inamutapisha. Hata ile ya harusi yake aliimwanga kisirisiri nyuma ya nyumba.

Kisiwa ikamuonea Webby huruma. Bazee bale bawili balikuwa banamupita huku kwetu, lakini boksi za kisiwa, zenye zinafikaka za mwisho juu zinakuya na maji, zilimuinua. Alibapita na kura makumi ine na kidogo. Wiki ile ile ndugu za Nkonde balitoa sufuria za Delphine inje. "Bwana yako ameua batoto ba batu," balimuambia. "Uende kwenu." Kwenu wapi? Alikuya kulala kwangu, na mutoto.

Kitenge ya pili, Webby amenenepa. Mwaka ule alibapiga benzake mu kura mpaka moja wao alikimbilia Mansa kuuza simu. Alipokuya hapa ku bandari na muziki, Delphine alivaa kitenge ya kwanza, akasimama mbele ya batu bote.

"Kansela, nani alisema bwato itoke?"

Kijana moja wa chama akamuangalia chini mpaka juu. "Mama, uko na kadi ya kura?"

"Hapana."

"Basi kaa chini. Ulizo yako haina fasi ya kutumbukia."

Batu balicheka. Webby naye alicheka, akamutupia kitenge mupya. Delphine hakuidaka. Njo miye niliokota, na bajukuu zangu bote balibebwa mu ile.

Ya tatu ina rangi ingine, juu alibadilisha chama. Rangi ilibadilika, meno ni yale yale. Alishinda tena, lakini kidogo sana, balihesabu mara mbili. Delphine alisimama tena na ulizo yake, balipandisha muziki, na kila kampanye ikawa vile. Ya ine, Webby alianguka mara ya kwanza, na mwenye alimuangusha ni mwalimu, hata motokari hana. Alisema balimuibia kura. Ya tano ilikuwa mwembamba, ukiinyoosha unaona jua, na kura zake zilikuwa mwembamba vile vile. Ile ninafunikia samaki zangu, bale badogo badogo benye tunaanika ku muchanga, chisense. Kuku zinamukanyaga Webby ku jicho kila siku.

Lakini si juu ya Webby njo ninakuambia hii yote. Ni juu ya Saviour. Alikomaa, akajifunza mbao, akatengeneza bwato muzuri kupita ya benzake. Batu habapande. Bwato zingine zinajaa mpaka maji inalamba midomo yao, ya Saviour inakaa tupu.

"Mutoto wa mulevi," banasema. "Damu ya baba haipotee."

Anabebaka makaa na mihogo tu. Hata muke alikosa, baba ya binti alikatala. Delphine aliniambia siku moja, tunageuza samaki, "Kapinga, miye nitakufa, ni sawa. Lakini nimuachie mutoto jina yenye batu banaweza kupanda."

Mwaka huu, mwezi wa munane, kitenge ya sita ilifika, na haikukuwa kitenge. Kipande tu, cha kufunga ku kichwa. Karatasi ya matokeo ilibandikwa ku ukuta wa shule, Webby wa mwisho. Alisema, "Tungojee kisiwa. Kisiwa haiyaninyima hata siku moja." Kesho yake simu ikalia: kisiwa nzima imemupatia kura tisa.

"Ni bongo, ni uongo tu," alisema. "Ninaenda ku kisiwa, kusoma ku ukuta wao na macho yangu."

Alikuya ku bandari peke yake, na koti yake na fimbo. Hakuna kijana, hakuna muziki. Akasogelea bwato ya kwanza.

"Imejaa, tata," mwenye bwato akamuambia, sawa mutu anaita baba yake.

Ndani mulikuwa mbuzi moja.

"Imejaa, tata," akasema wa pili, na yeye hata hakugeuka. "Labda ungoje miaka tano."

Njo akafika ku bwato ya Saviour, ile tupu. Saviour alimusalimia na mikono mbili, akaangalia maji. Kule mbali yalishakuwa meupe.

"Tata, upepo ya kusini imeamuka. Leo hatutoke. Nitakuvusha kesho asubui, bila shida."

"Kesho ni ya nani? Washa moteur."

"Tata, maji ni mubaya."

"Miye nilivuka hii maji mbele uzaliwe. Kama unaogopa, sema, nitaitafutia hii bwato mwanaume."

Delphine alikuwa karibu yangu, anageuza samaki na fagio. Alisimamisha fagio. Siku ile alikuwa amevaa kitenge ya kwanza, ile ya bulu na kijani. Sura imefutika, imebakia doa tu fasi ya meno. Akatembea mpaka ku pua ya bwato, akasimama katikati ya Webby na mutoto wake.

"Baba yake pia njo vile ulimuambia?"

Bamama banasimamisha fagio, moja moja. Bale ba bwato zingine banageuka.

"Ninakuuliza sasa mara ya tano," Delphine alisema, na hakupandisha sauti. "Nani alisema bwato itoke?"

Webby aliangalia nyuma, sawa mutu mwenye anangojea mwingine amujibie. Hakukuwa mutu. Kadi ya kura, hakuna mwenye aliiuliza. Kura zake zilishahesabiwa zote. Aliangalia Saviour, mwenye iko na masikio ya baba yake kabisa. Kiisha akakaa ku muchanga, na koti yake, katikati ya samaki zetu.

"Nkonde alikatala," alisema. Ilibidi tusogee tumusikie. "Hakukuwa na pombe. Alifunga bwato, akaniambia, kansela, tungoje kesho. Nilimuambia nitamupatia mwanaume bwato yake. Akafungua kamba. Hapana. Si yeye. Ni miye nilifungua kamba."