Kaseti ya Nerys

Mume wangu amejaza nyumba kompyuta za zamani, na hakuna hata moja inayoosha vyombo. Kila mwezi klabu yao hukutana kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini Llanelli, nami ndiye mpika chai. Nimechoka kuwahudumia wanaume wanaobembeleza plastiki na kununiana kwa sababu ya skrubu.

Kinara wao ni Trefor. Hakuna mashine inayomshinda kufufua, na hakuna mtu ambaye yeye hamdharau. Kwa miaka mingi alikuwa akiimezea mate kompyuta ya mzee Emrys, iliyokuwa bado na boksi lake la dukani. Emrys alikataa katakata kuitoa. Ilikuwa ya binti yake Nerys, aliyefariki kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa.

Enzi hizo programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, na watoto walikuwa na mtindo wa kutaja jina la mchezo kwa sauti kabla ya kuurekodi. Kaseti moja ya Nerys ilibaki. Emrys hakuthubutu kuicheza, akiogopa utepe utakatika. Sasa mkewe Olwen alikuwa mahututi, na aliomba kitu kimoja tu: amsikie mwanawe.

"Anaongea hapo mwanzo," Emrys alimwambia Trefor mbele yangu, akimkabidhi kaseti. "Nitolee sauti hiyo, na kompyuta ni yako, na boksi lake."

"Toa wasiwasi, mzee wangu," Trefor akajibu, mikono tayari imeshalikumbatia boksi. "Umefika kwa fundi."

Mkutano uliofuata Trefor aliwasha runinga iliyounganishwa na kompyuta. Ukatokea mchezo alioutunga Nerys: kondoo wa kijani akaruka ua wa mbao. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Hakuna hata herufi moja iliyopotea!" Trefor alitamba. "Huyu mtoto alikuwa na akili kumshinda baba yake!"

Wakaangua kicheko. Emrys naye alitabasamu kidogo, kwa adabu.

"Na sauti?" akauliza.

"Sauti gani?"

"Ya Nerys."

"Aa, ile! Mzee, mashine haina haja na maneno. Nilipokuwa nanakili niliyakata, yanachafua tu."

"Basi nipe kaseti yenyewe."

Trefor akampa. Iling'aa, na mwandiko wa mtoto ulikuwa palepale juu yake. "Nimekutilia utepe mpya," alisema. "Ule wa zamani ulikuwa umeoza, nikautupa. Thamani iko kwenye ganda, bwana!"

"Mzee kapewa mchezo, bado ananuna!" mmoja akadakia kutoka nyuma. Nilitamani kuwamwagia birika zima. Mume wangu hata hakuinua kichwa, alikuwa akikagua pembe za boksi.

Emrys hakugomba. Alivuta kiti, akakaa karibu na Trefor, akamshika mkono.

"Lakini wewe ulimsikia."

"Nilimsikia, ndiyo."

"Basi niambie alisema nini, nikamwambie mama yake. Ananisubiri."

Trefor alikuna kichwa. Nilimwona akijitahidi kukumbuka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Sijui, mzee," alisema. "Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nangoja amalize."