Jeni Iliyozimwa ya Wifi Yangu

Siku kaka yangu aliposimama sebuleni kwa mama na kutangaza kwamba mkewe amejiletea kansa mwenyewe, maneno aliyotumia yalikuwa yangu. Aliyachukua mezani kwake, nikiwa nakula chakula chake, akayaandika kwenye daftari kwa ile kalamu nyekundu anayosahihishia mitihani. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kaka ni mwalimu wa hesabu. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Huu mwaka wa tisa nashinda na pipeti mkononi kwenye chumba cha ghorofa ya pili hospitalini, tunakopima DNA ya vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa wa kansa. Mkewe, wifi yangu, ni msusi. Ana saluni ya viti vitatu, na mdomo unaovuta wateja kuliko hata mikono yake. Mteja akija amenuna, wifi humwambia, "Kaa hapa. Kichwa nitakitengeneza, huo uso utajitengenezea mwenyewe."

Aliugusa uvimbe akiwa anaoga, titi la kushoto, ana miaka thelathini na nane. Hospitali hawakuzungusha maneno: kansa, tena ya aina isiyosikia dawa za homoni. Kwa kuwa umri wake ulikuwa mdogo, na ana binti wa miaka kumi na miwili, daktari aliagiza damu ipimwe kuona kama kuna jeni yenye kasoro ya kurithi.

Tulingoja majibu wiki tatu. Mama hakungoja. "Kwao wanakufa mapema," aliniambia jikoni huku akikausha sahani. "Mama yake alikufa kijana. Nilimwambia kaka yako achunguze kabla ya kuoa, akaniona mshamba."

Majibu yakaja: hakuna kasoro ya kurithi iliyoonekana. Kaka alimkumbatia binti yake akalia. Mama alishukuru kwa mdomo, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

Wifi alikuwa amekubali kinyama chake kitumike pia kwenye utafiti wa idara yetu. Sampuli hutufikia na namba, hazina majina, kwa hiyo sikujua ipi ilikuwa yake hadi daktari alipompa karatasi ya matokeo naye akaniletea. Ilikuwa Jumapili mchana, tuko mezani kwao wote wanne.

"Wifi, hebu nisomee. Mimi hapa naona mdudu tu kapita na wino miguuni."

Nikamweleza. Kuna jeni inaitwa BRCA1, kazi yake ni kusaidia kuunga DNA inapokatika. Wapo wanaozaliwa nayo ikiwa imeharibika. Ya kwake herufi zote zipo. Ila ndani ya ule uvimbe, mwanzoni mwa jeni, pamejaa vibandiko vidogo sana vya kikemikali viitwavyo methili, na vikijaa pale seli haiwezi tena kuisoma.

"Kwa hiyo imezimwa," binti akasema.

"Imezimwa, haijavunjika."

"Lakini dawa zangu hazibadiliki," wifi akasema. "Daktari kaniambia haya kwa sasa ni ya kujifunzia tu. Kemo ni ile ile."

Kaka akafungua daftari. "Hivyo vibandiko anaviweka nani?"

"Mwili wenyewe. Kila mtu anavyo, ndivyo vinavyosaidia seli ya ini isijifanye seli ya jicho. Tatizo ni vikikaa pasipotakiwa."

"Na nini kinavifanya vikae pasipotakiwa?"

Ningefunga mdomo wangu pale. Nikajibu kama ninavyowajibu wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi: "Hatujui hasa. Mara nyingi ni bahati mbaya tu. Umri. Pengine mazingira, pengine mtindo wa maisha, bado inachunguzwa."

Akaandika. Sikutazama alichoandika. Niliomba nipitishiwe chumvi.

Wiki mbili baadaye mama akaita kikao, Jumamosi mchana. Baba mdogo, ambaye huitwa kila penye jambo la kuamua, alikaa kwenye kochi kubwa na mama pembeni yake. Kaka alisimama kama yuko ubaoni. Wifi alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kitambaa kichwani, ana siku nne tangu kemo ya pili, midomo imemkauka. Mimi, mjinga, nilidhani tumeitwa kupanga zamu za kumpeleka hospitali.

"Imethibitika si urithi," kaka akaanza kusoma. "Jeni yake ilikuwa nzima, ikazimwa baadaye. Na kinachozima ni mazingira na mtindo wa maisha. Haya si maneno yangu. Ni ya mtaalamu, na yuko hapa." Akaninyooshea kalamu.

Kisha akashuka na orodha. Dawa za kulainisha nywele alizovuta miaka kumi na sita, ingawa aliambiwa aache. Kuzaa mtoto mmoja akasema basi. Kumwachisha binti ziwa mapema ili arudi saluni. Hasira zake.

"Hasira zipi?" wifi akauliza.

"Si hizo?" mama akadakia.

Baba mdogo akakohoa. Akasema hakuna anayetaka ugomvi, ila ingependeza wifi amwombe mumewe radhi, saluni ifungwe, na mambo yaishe kimya kimya.

Aombe radhi. Mwanamke mkono umejaa madoa meusi ya sindano aombe radhi kwa kuugua! Na kilichonikata maini ni kwamba ile karatasi, ambayo haikuweza kumpa wifi hata kidonge kimoja cha ziada, ilikuwa imetosha kabisa kumfungulia kesi.

"Kaka," nikasema, "niliposema 'hatujui', umepaandika wapi?"

"Usianze."

"Nilisema hatujui hasa. Nikasema mara nyingi ni bahati mbaya. Nionyeshe." Nikanyanyuka nikamnyang'anya daftari. Ukurasa mzima ulikuwa na mistari miwili: *Mazingira. Mtindo wa maisha.* Chini yake, majina ya dawa za saluni, yamepigiwa mstari.

"Miaka yote hiyo unafundisha watoto wa watu, na hujui tofauti ya 'pengine' na 'ndiyo'? Umechukua kazi yangu ukaifanya rungu la kumpigia mkeo!"

"Punguza sauti," mama akasema. "Unamvua nguo kaka yako mbele ya mkewe?"

"Mama, wewe ulitaka awe na kosa tangu mwanzo. Ulipolikosa kwenye damu yake ukatuma mwanao akalitafute kwingine."

Mama alinizaba kofi. Nina miaka thelathini na minne. Wifi aliinuka akishikilia mgongo wa kiti.

"Mwacheni," akasema. "Mimi naondoka. Na yeyote atakayenifuata mlangoni, nitamtapikia. Sitanii, kemo iko hapa kooni."

Hakuna aliyemfuata ila mimi na binti, aliyetoka jikoni na viatu mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Kwenye ngazi akanishika kiwiko. "Shangazi, kwani mama alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Baba kasema..."

"Baba yako kasema ujinga."

Wakahamia kwangu, vyumba viwili, mimi nikalala kwenye kochi. Kemo ya tatu ikapita, ya nne ikamlaza siku sita. Nilikuwa namshikia beseni na kumlaani kaka, kisha nikienda kulala najilaani mwenyewe. Wifi hakuwahi kunilaumu. Nadhani ningepona haraka kama angenitukana mara moja.

Kabla ya kemo ya tano, daktari akampa jibu la pili la utafiti. Damu aliyotoa kabla ya kuanza dawa nayo ilikuwa imepimwa, na ndani ya seli chache za damu vibandiko vile vile vilikuwepo, mahali pale pale. Daktari alimweleza kwa uangalifu: wapo wanawake wa namna hiyo, na inaelekea kwao vibandiko hivyo huwekwa mapema mno, mtoto akiwa angali tumboni.

Niliisoma ile karatasi mara tatu. Nikavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" wifi akauliza.

"Kwa mama. Naenda kumbandikia hii mlangoni. Ulikuwa bado hujazaliwa! Dawa gani ya nywele uliivuta tumboni?"

"Kaa chini."

"Wifi, hii inakusafisha."

"Inanisafisha?" Alikuwa amelala ubavu, akajiinua taratibu. "Mimi mchafu?"

Nikavua viatu.

"Ukiwaambia ilianzia tumboni, watauliza tumbo la nani," akasema. "Mama yangu alikufa nina miaka kumi na moja. Hata sura yake siipati vizuri. Mama yako ataanza: alikula nini, alilala na nani, alivuta nini. Watamfukua. Mimi nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Mama yangu hakai pale."

"Basi waendelee kukusema wewe?"

"Waseme mpaka meno yatoke! Mimi sina kesi kwao. Na wewe acha kukimbia na makaratasi kutafuta hakimu."

Nilimkasirikia. Nasema kweli, siku nzima sikumsemesha. Nilikuwa na ukweli mkononi na mwenye ukweli kanikatalia. Lakini karatasi niliiacha juu ya kabati.

Akafanyiwa upasuaji, titi likatolewa. Kwenye kile walichokitoa hawakuona seli ya kansa iliyo hai hata moja. Daktari alisema ni habari njema sana, akaongeza kwamba watamfuatilia kwa miaka. Wifi alicheka akashika mshono kwa maumivu, akanitukana kwa kumchekesha, na mimi sikuwa nimesema lolote.

Wiki moja baada ya kutoka hospitali, kaka akabisha hodi kwangu. Kakonda. Akasimama katikati ya chumba, mikono haina kitu safari hii.

"Nimekuwa nikisoma," akamwambia mkewe. "Machapisho yenyewe, si magazeti. Nimegundua inaweza kuanzia hata tumboni. Halikuwa kosa lako. Nimekuja kukuomba msamaha, turudi nyumbani."

Wifi akajiweka sawa, mkono juu ya mshono.

"Na kama ungesoma ukakuta ni kosa langu," akasema, "ungekuja?"

Tulimngoja. Nilitamani aseme ndiyo, hata kwa uongo, maana ni kaka yangu tumbo moja. Hakusema. Akaangalia vidole vyake, akaniaga mimi badala yake, akatoka.

Wifi hakurudi. Amepanga chumba na sebule karibu na saluni. Binti huenda kwa baba yake mwisho wa wiki, na kaka humpeleka mkewe hospitali kila miezi mitatu, anangoja nje ndani ya gari. Huo ndio umbali aliopewa. Mama bado anawasimulia majirani habari ya dawa za nywele. Tunasalimiana. Chakula chake sijakigusa tena.

Saluni inafunguliwa siku nne kwa wiki, kwa sababu mkono wa kushoto unamchoka haraka. Juzi nilikuwa nimekaa pale nangoja zamu yangu, mteja mmoja akamuuliza kwa ile sauti ya chini ya watu wanaojifanya wana huruma, "Hivi dada, ile kansa ilisababishwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Wifi akanikata jicho, nikanyamaza.

"Inamisha kichwa," akamwambia mteja, na akazivuta zile nywele kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.