Kuvu Apata Kibali cha Kukaa

Saa kumi jioni Rispa, mke wa Caleb wa reli, alikuwa amechuchumaa kwenye kiwanja chake cha nyanya, katika mtaa wa Nairobi uliopakana na Kaloleni, akitazama mche mwingine ukilegea shingo. Nyanya zile ndizo zilizokuwa mboga ya watoto, na msimamizi wa mtaa alikwishatangaza kwamba kiwanja kitakachonyauka kitatwaliwa kipandwe maua. Maua, jamani! Sijui nani alimwambia ugali huliwa kwa waridi.

Jirani yake Kadija, mzaliwa wa Lamu, alimshauri apande vitunguu saumu katikati ya nyanya, kwani mizizi yake hutoa jasho kali asilolistahimili kuvu wa mnyauko. Rispa akapanda, mizizi ikatoa jasho. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Kuvu akaibuka ardhini, mweupe, mwembamba, anakohoa, mkeka wake kichwani. Akawaamkia majirani kwa adabu na kushika njia ya ofisi ya msimamizi. Wakampisha, mgonjwa hazuiwi njiani.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, Mau Mau wakisakwa mjini. Askari walifungua milango ya watu kwa mateke, na waliotaka kibali cha kukaa Nairobi walishinda nje ya ofisi wakarudi mikono mitupu. Kuvu alikaribishwa kiti. Msimamizi alimwuliza kabila, akasema hana. Akamwuliza kama amewahi kula kiapo, akasema yeye hula mizizi tu. Muhuri ukagongwa.

Kisha msimamizi akaja mwenyewe kwa Rispa.

“Vitunguu hivi ving’oe,” akasema. “Vinamsumbua mpangaji halali.”

Rispa akamwuliza watoto watakula nini, akajibiwa kwamba hilo halihusu ofisi yake. Mwenye nguvu mpishe. Rispa aliving’oa kimoja kimoja, hasira zimempanda.

Jioni hiyo Kuvu akarudi na mkeka wake, akasimama ukingoni mwa kiwanja, akapiga hodi. Rispa akamwitikia karibu.

Kadija akamjia juu. “Shoga, unamkaribisha anayewaua wanao kwa njaa?”

“Huyu angalau amepiga hodi,” Rispa akasema, akaingia ndani kuinjika sufuria.

Kuvu akatandika mkeka, akala alivyozoea. Nyanya zikakauka zote, na msimamizi akaja kukitwaa kiwanja kama alivyoahidi. Alipomkuta Kuvu pale alimsalimu, akaomba radhi kwa usumbufu na kumwambia akae tu, kwa kuwa ana kibali. Aliyeambiwa apishe ni Rispa.